Migomba yangu ya Katana inanyauka: je, ning'oe shamba lote?

Swali la msomaji:

"Mtaalamu, salamu. Mimi ni mama mjane, nakaa Katana, Kivu ya Kusini, upande wa Ziwa Kivu. Nina migomba, mashina kama 120 aliyoniachia baba wa watoto. Tulipokimbia mwaka 2025 ilikuwa mizima. Kurudi nikakuta majani yananing'inia kama nguo zilizoanikwa, na mikungu inaiva kabla ya wakati. Ukipasua ndizi, ndani ni kahawia, imeoza. Nimehesabu mashina 17 yenye ugonjwa. Kijana mmoja wa kilimo alipita akasema ning'oe yote. Shemeji yangu anasema nikishang'oa, hilo shamba litarudi kwa ukoo. Nifanye nini? Na ndizi hizi tunaweza kula? Mbuzi wangu wamekwisha kula majani."

Jibu:

Mama yangu, pole kwa kukimbia na kurudi, na pole kwa shamba. Nianze na lile linalokunyima usingizi: usiing'oe migomba yako yote. Mashina 17 kati ya 120 ni mengi, lakini shamba hilo bado linaokoka. Linaokoka kwa panga moja, moto kidogo, na kurudi humo kila wiki bila kuchoka. Nimeona mashamba ya hapo hapo Kabare yaliyokuwa na hali mbaya kuliko lako, na leo yanatoa mikungu.

Kabla ya kukata chochote, tuhakikishe tunazungumza ugonjwa mmoja. Asubuhi, chagua mgomba mmoja ambao majani yake yamelegea yakiwa bado yana ukijani. Ukate katikati, uache hivyo, kaa kando ukiangalia pale palipokatwa. Maji ya kawaida ya mgomba yatatoka kwanza, yale yanayotia nguo madoa. Subiri dakika 5 hadi 15. Kama ni mnyauko wa bakteria, ule tunaouita wilti na majirani zetu wa Rwanda wanauita kirabiranya, utaona vitone vya njano vikichomoza kimoja kimoja, vizito kama usaha. Ukigusa kwa kidole vinanata na kuvutika. Ukishaviona, peleka panga motoni saa hiyo hiyo, na kidole chako ukioshe kwa sabuni kabla hujashika mgomba mwingine.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna magonjwa mengine yanayofanana na wilti kwa mbali. Ule unaoletwa na uyoga wa udongoni, unaoshambulia sana migomba ya aina ya Kayinja, huanza na majani ya chini kuwa ya njano toka pembeni, kisha yanavunjika na kuuzunguka mgomba kama sketi. Ukikata utaona nyuzi nyekundu-kahawia, lakini usaha wa njano hautoki na ndizi haziozi ndani. Ule wa virusi, ambao wenzetu wa bonde la Ruzizi wanaujua vizuri, hufanya majani yawe membamba, yasimame juu yamebanana kama ufagio. Wewe umesema ndizi zinaiva mapema na ndani ni kahawia. Hiyo ni wilti, sina shaka kubwa, ila fanya kipimo hicho kwa macho yako mwenyewe.

Sasa nikueleze adui ni nani, kwa sababu ukimjua hutaibiwa pesa. Ni bakteria, jina lake Xanthomonas. Iliandikwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, ndugu wa mgomba ambao watu wa kule wanakula kiazi na shina lake; mwaka 1974 ikaonekana kule kule kwenye migomba yenyewe. Mwaka 2001 ikatokea Uganda, na mwaka huo huo ikaonekana kwetu Kongo, huko Masisi, Kivu ya Kaskazini. Toka Masisi imekuja ikishuka, kilima kwa kilima, hadi Kalehe na huku kwenu. Bakteria hiyo inaishi ndani ya mishipa inayopandisha maji, ndiyo maana mgomba unalegea kama mtu mwenye kiu ingawa mvua imenyesha jana. Na kwa kuwa iko ndani ya mishipa, hakuna dawa ya kupuliza inayoifikia. Majivu hayaifikii, mkojo wa ng'ombe hauifikii, pilipili haiifikii. Anayekuja sokoni Kavumu au Kabamba na kichupa cha "dawa ya wilti", mwache apite na kichupa chake. Hakuna pia mgomba wa kula uliopo mashambani kwetu ambao haushikwi kabisa. Kayinja unashikwa upesi sana, lakini hata hii yetu ya zamani ya kasiksi, yaani pombe ya ndizi, na ya kupika inashikwa.

Kijana aliyekuambia ung'oe yote, usimchukie. Hata mimi nilisema hivyo kwa miaka. Ndivyo tulivyofundishwa: ukiona mgomba mmoja mgonjwa, toa shina lote, mama, binti na wajukuu, chimba hadi mizizi, acha shimo tupu. Nilikuwa na mradi mmoja tukienda kijiji hadi kijiji. Kuna mzee mmoja upande wa juu ya Kavumu ambaye simsahau. Alichimba majuma matatu na wanawe wawili. Viazi vya migomba ile vilikuwa vikubwa kama sufuria za harusi, na kila kimoja kilitaka karibu nusu siku. Akatoa vyote, akavirundika, nikampongeza mbele ya watu. Niliporudi baada ya miezi miwili, kwenye yale mashimo vilikuwa vinachomoza vichipukizi, kwa maana kipande cha kiazi kilichobaki udongoni kikubwa kama ngumi kinatosha kuota. Baadhi vilikuwa vimekwisha legea. Mzee akaniuliza, bila hasira: "Ndizi hakuna, na ugonjwa upo. Sasa watoto tuwape nini mpaka mwaka wa kesho?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nilianza kusikiliza zaidi wale waliokuwa wanakataa kung'oa.

Na waliokataa walikuwa na sababu. Watafiti waliofanya kazi hapa Kivu walifuata migomba iliyoambukizwa, wakaona jambo ambalo wakulima wengine walikuwa wakilisema: bakteria haiingii kwa watoto wote wa shina. Mama anaweza kufa na wilti, binti mmoja akafuata, lakini mwingine akakua, akazaa mkungu mzima. Hasa kama ugonjwa umeingilia kwenye ua, inachukua muda kushuka hadi kwenye kiazi. Ukimkata mama mapema unaiwahi njiani. Toka hapo ikaja njia tunayofundisha sasa: kutoa mgomba mgonjwa peke yake, mmoja mmoja, na kuacha wengine wa shina lile lile. Kwa wanaoifuata vizuri, ugonjwa unashuka chini ya migomba 2 kwa 100 ndani ya mwaka.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Chagua siku moja ya juma, siku hiyo hiyo kila wiki, uzunguke shamba lote. Washa mbabula, jiko la makaa, pembeni ya shamba, au moto wa kuni, uwe na mapanga mawili kama unaweza: moja likiwa motoni, jingine mkononi. Kila mgomba unaoonyesha dalili, hata jani moja tu lililolegea bila sababu, kata chini kabisa, usawa wa udongo. Kisha, na hapa wengi wanakosea, chimbua kwa ncha ya panga kile kiini cheupe cha katikati kinachosukuma majani mapya, ili usiote tena. Usichimbe zaidi ya hapo. Ukianza kupekua udongo kwa jembe unajeruhi mizizi ya binti aliye mzima, na kidonda ndicho mlango. Mgomba uliokatwa uulaze pale pale ulipoangukia, uukatekate ukauke. Usiuburute kupita kati ya mizima, usiutupe mtoni, na usimpe jirani akaweke kwenye shamba lake kama mbolea.

Panga lirudi motoni kabla ya kugusa shina jingine. Liwe la moto kiasi kwamba maji ukiyanyunyizia yanalia. Kama huna moto, tumia javeli, ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe: sehemu moja ya javeli kwa sehemu tano za maji, lichovye panga na ulipanguse. Ila javeli iliyokaa ndooni juani inapoteza nguvu, na inakula chuma. Mimi napenda moto, hauna bei na kila mama anao.

Wiki za kwanza utakata mingi, na nakuomba usivunjike moyo hapo. Migomba mingine iliyokwisha kuambukizwa bado inaonekana mizima leo. Itajitokeza baada ya wiki kadhaa au hata miezi. Utatoa 17 sasa, halafu 6, halafu ghafla 9, na shemeji atasema unaona, hakuna faida. Endelea. Kitakachokuonyesha kwamba unashinda ni mwezi wa tatu ukilinganisha na wa kwanza.

Nije kwenye panga, kwa sababu ningekuwa na neno moja tu la kukuachia lingekuwa hilo. Wilti inasafiri kwa miguu ya watu. Mnunuzi wa mikungu ya kasiksi anakuja na panga lake. Asubuhi amekata Birava, saa nne amekata kwa jirani yako, saa sita yuko kwako. Hasafishi, hajui, na hakuna aliyemwambia. Mkungu ukate wewe mwenyewe, kwa panga lako lililopita motoni, umkabidhi ukiwa chini tayari. Kama anakataa, kataa naye. Vile vile vijana wanaokuja kuomba majani ya kufunikia mtungi au kuivishia ndizi: majani yasikatwe na mgeni.

Na kuna ukataji mwingine tunaoufanya sisi wenyewe bila kuuwaza. Kila msimu wa kupanda maharagwe, Septemba na Februari, tunapita tunapunguza majani ya migomba ili maharagwe yapate jua. Panga moja, shamba zima, mchana mmoja. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kueneza ugonjwa huu. Msimu huu, nakusihi, usikate jani bichi hata moja. Yale yaliyokauka yavute kwa mkono. Maharagwe yapande pale penye mwanga, kwenye nafasi za migomba utakayokuwa umekata, na palizi karibu na mashina uifanye kwa mkono.

Sasa ua. Katana iko chini, karibu na ziwa, na ziwa lenyewe liko kama mita 1,460 juu ya bahari. Huko nyuki na nzi wanatembelea lile ua la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu, wanabeba bakteria toka kwenye kovu la ua moja hadi jingine. Wenzako wa juu, kupita mita 1,700 hivi, hawasumbuliwi sana na wadudu. Kwao karibu kila kitu ni panga. Kwako ni vyote viwili. Kwa hiyo, mkungu ukishatoa chana cha mwisho, usingoje: chukua mti mrefu wenye panda kichwani, ushike shingo ya ua kwenye ile panda, uzungushe mpaka livunjike lenyewe. Usitumie panga, hata lililochomwa. Mti hauachi kidonda cha kukata wala haupeleki maji ya mgomba mmoja kwa mwingine. Mtoto wa miaka 12 anaweza kazi hiyo akitoka shule. Na ndizi zinanenepa zaidi ua likitoka, hilo utaliona mwenyewe kwenye mikungu ya mwanzo.

Umeuliza kuhusu kula. Bakteria hii haiwadhuru watu, wala haiwadhuru mbuzi. Chana kilicho kizima kwenye mkungu wa mgomba mgonjwa mnaweza kupika. Kilichooza ndani hakina ladha, hakiivi vizuri sufuriani, na kasiksi yake huwa kidogo na mbaya. Kitupe pale pale shambani. Mbuzi wako hawataugua. Shida ni kwamba mbuzi aliyetafuna chipukizi gonjwa na kwenda kutafuna zima anafanya kazi ya panga chafu. Wafunge, uwaletee majani mengine yasiyo ya migomba, mpaka shamba litulie.

Nimeliacha la shemeji hadi hapa ingawa nadhani ndilo zito kuliko yote. Sisi wa Bushi, nchi ya Washi, tunajua mgomba ni zaidi ya chakula. Mtu mwenye bwasa, yaani shamba la kukodi kwa msimu, analima maharagwe na viazi vitamu, msimu ukiisha anaondoka. Migomba haruhusiwi kupanda, kwa sababu aliyepanda mgomba amesema anakaa. Shamba la kalinzi, yaani lile la haki ya kudumu, linajulikana kwa migomba yake. Ndiyo maana mjane anapoambiwa "ng'oa yote", anaambiwa kitu ambacho sisi wataalamu hatukukisikia kwa muda mrefu: anaambiwa afute alama ya mume wake juu ya udongo. Naamini wengi waliokataa kung'oa walikuwa wanalinda hilo, na tukawaita wabishi.

Kwa njia hii ya kukata mmoja mmoja, shamba lako halitabaki tupu hata siku moja. Hilo peke yake ni jibu kwa shemeji. Lakini usiishie hapo. Mwite kapita, kiongozi wa kijiji, na majirani wawili unaowaamini, siku ya kwanza utakapokata, waone mashina yaliyopo na mipaka ilipo, na ieleweke mbele yao kwamba unatibu shamba, huliachi. Kama mna karatasi yoyote ya kalinzi, hata iliyochakaa, itoe iwekwe mahali pakavu. Na ujue kwamba sheria ya familia ya nchi yetu inawaweka watoto wa marehemu mbele ya ndugu zake katika urithi. Kama shemeji ataendelea, tafuta mtu wa sheria au wahudumu wa parokia wanaosimamia mambo ya ardhi, usibishane naye peke yako shambani.

Kuna hali moja ambapo ningekuambia ng'oa. Kama ungekuta mashina matatu katika kila manne yameshikwa, kukata mmoja mmoja ni kupoteza nguvu. Hapo ni kutoa kipande hicho, kupanda maharagwe, mahindi au viazi vitamu kwa miezi 6 isiyopungua huku ukikata kila kichipukizi kinachochomoza, halafu kupanda upya. Bakteria haidumu udongoni bila mgomba wa kukaa ndani yake. Wewe hujafika huko. Labda kuna kona moja ya shamba iliyo hivyo. Kona hiyo ifanye hivyo, nyingine iache.

Ukitaka kuziba mapengo baadaye, machipukizi yachukue kwenye mashina yako ambayo hayajaonyesha dalili kwa muda mrefu, mwaka mzima ikiwezekana. Usiletewe zawadi ya chipukizi toka kijiji kingine, hata na ndugu wa damu, hata kama ni aina nzuri uliyoitamani. Machipukizi yanapanda mitumbwi na lori na kwenda mbali kuliko mnunuzi yeyote, na mengi ya magonjwa yaliyovuka vilima hivi yalivuka yakiwa zawadi. Kama hapana budi kutafuta nje, uliza kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA pale Mulungu, hakiko mbali nawe.

Halafu majirani. Ukisafisha shamba lako na la upande wa pili wa njia limeachwa na watu ambao bado hawajarudi, nyuki watakuletea tena. Zungumza na kapita muweke jambo hili kwenye salongo, kazi ya pamoja ya kijiji: Jumamosi moja kwa mwezi, watu wapite mashamba yote ya kilima, yakiwemo yaliyoachwa, wavunje maua kwa miti ya panda na kukata yaliyolegea kwa mapanga yaliyochomwa. Mwenye shamba aliye ukimbizini apelekewe habari kwa simu kabla, asije akasikia kwamba watu wameingia kukata migomba yake. Pale nilipoona wilti inashuka kweli, ilishuka kilima kizima kwa pamoja.

Anza na yale 17 juma hili, kabla mnunuzi hajaja. Chukua daftari la shule la mtoto, kila wiki uandike tarehe na idadi uliyokata, na uweke alama ni upande gani wa shamba: wa njia, wa ziwa, au wa nyumba. Wiki ya nane niandikie hizo namba. Kama nyingi zinatoka upande wa njia, tutajua ni mapanga ya wapitao. Kama zinatoka upande wa ziwa kwenye mikungu yenye maua, tutajua bado kuna maua yanayochelewa kuvunjwa, na nitakuambia tubadilishe nini.